Mwendo wa Kubeba Ubao

Mwalimu wa chekechea hakutaka kuniambia mbele ya wazazi wengine. Alisubiri hadi uwanja ukabaki na chupa za maji zilizosahauliwa, akanivuta kando ya bembea, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa, "Mama Chiriku, mtoto ameanguka nyumbani?"

Chiriku ni binti yangu. Jina hilo alipewa na babu yake, baba yangu mzazi, kwa sababu ya mdomo. Akiamka anaanza, na nyumba haipumui mpaka alale.

"Hajaanguka," nikasema.

"Basi mtazame."

Akamwita. Chiriku akaja kutoka upande wa pili wa uwanja, begi mgongoni, akihadithia jambo ambalo mwanzo wake hatukuusikia. Nilimtazama kwa makini. Niliona mtoto anakuja, basi.

"Umeona?"

"Nimeona nini, mwalimu?"

"Anachechemea, mama. Mguu wa kulia anauburuta. Siku zote hizi nilidhani ni kiatu kinambana." Akashusha sauti zaidi. "Na wenzake wameanza kumwita Pancha. Nimewakataza, lakini unawajua watoto."

Njiani Chiriku alinishika mkono, akanyamaza kidogo, jambo ambalo kwake ni dalili ya homa. Kisha akauliza, "Mama, pancha ni nini?"

"Ni tairi likitoboka."

Akajitazama chini, mguu huu na mguu ule. "Mimi nimetoboka wapi?"

Nyumbani nilimvua viatu, nikakagua nyayo. Hapakuwa na mwiba wala lengelenge. Nikambonyeza goti, akacheka. Nikambonyeza nyonga, akacheka zaidi na kuniambia nirudie. Mume wangu ni kinyozi na amezoea kumtazama mtu kichwa kabla ya kitu kingine chochote, lakini jioni ile alitazama miguu. Alimwambia mtoto aende hadi mlangoni na kurudi. Kisha akanitazama mimi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hamna. Tumpeleke tu akaonekane."

Nilidhani ameogopa, kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa. Tulikuwa tumetoka kumzika baba mwezi uliotangulia, na nyumba iliyotoka kuzika haina kifua cha kupokea habari nyingine.

Kliniki ya viungo ilikuwa mwisho wa korido ndefu yenye kuta za rangi mbili, kijani chini, nyeupe juu. Mtaalamu wake alikuwa mama mrefu, anayetembea kama aliyejitwika glasi ya maji na hataki hata tone limwagike. Alimlaza Chiriku kitandani, akamkunja, akamkunjua, akampima miguu kwa utepe kama fundi cherehani. Ilikuwa sawasawa. Picha ya eksirei ikaletwa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mifupa mizuri hii. Ya kutundika ukutani," akasema. "Haya, mrembo, shuka. Nitembelee mpaka kwenye ule mlango."

Chiriku akatembea huku akiuliza ule mlango ni wa nini, na nyuma yake kuna nini, na kama kuna sindano. Mtaalamu alikunja uso. "Mama, hebu mshike mkono uende naye. Labda ana wasiwasi."

Nikamshika. Tukaenda hadi mlangoni, tukageuka, tukarudi. Tulipofika, yule mama alikuwa hamtazami tena mtoto.

"Na wewe mama, uliumia lini?"

"Kuumia wapi?"

"Mguu. Huo wa kulia."

"Mguu wangu mzima."

Akamgeukia mume wangu. Mume wangu akaitazama dari, utadhani kule juu kuna mtu anasubiri kunyolewa.

Basi nikapandishwa kitandani mimi. Nilikwenda pale nikiwa mama wa mgonjwa, mara nimelala chali, utepe umenyooshwa kwenye paja langu, na mwanangu amesimama kando ananipapasa nywele akisema, "Haiumi, Mama, haiumi." Miguu yangu nayo ilikuwa sawasawa. Sina ufupi, sina kovu, sina mfupa uliowahi kuvunjika.

"Tembea tena," mtaalamu akasema. "Usifikirie."

Ni rahisi kusema. Nilisimama pale kando ya kitanda nikiwa nimesahau mguu gani hutangulia. Mikono ilining'inia kama ya kuazima. Nilipoanza, nilikwenda kama mtu anayevuka mtaro kwa gogo.

"Nani kwenu anachechemea?"

"Baba," nikasema. "Alikuwa anachechemea."

"Alipatwa na nini?"

"Alianguka kutoka kwenye ngazi."

Nilipomaliza kusema nikashangaa. Nani aliniambia habari za ngazi? Nilijaribu kukumbuka sauti iliyosema hivyo, ya baba au ya mtu mwingine yeyote, sikuipata. Ngazi ilikuwemo kichwani mwangu tangu zamani, imeegemea ukuta, na sikujua nani aliiweka.

Yule mama akanikalisha kitandani, akavuta kiti, akakaa usawa wangu. "Mtoto hana ugonjwa, na wewe huna. Mtoto anatembea kama anavyoona watu wake wanatembea. Ndivyo ulivyoupata wewe pia. Ila mfupa wake bado laini. Nyonga ikizoea kubeba uzito upande mmoja, ukubwani itamsumbua kweli. Wewe haikuumi?"

Nikakumbuka maumivu ambayo siku zote nimeyasingizia kiti cha kazini. Kazi yangu ni kutoa fotokopi kwenye kibanda kidogo, nakaa mchana kutwa, na nikisimama hakuna pa kwenda zaidi ya hatua moja hadi kwenye mashine. Labda ndiyo maana hakuna mteja aliyewahi kuniambia kitu.

"Dawa yake ni ipi?" mume wangu akauliza, akiwa ameshashuka kutoka darini.

"Dawa ni huyu hapa." Akanigusa goti. "Mama akinyooka, mtoto atanyooka. Ila msichelewe. Akianza shule ya msingi na mwendo huo, atakwenda nao."

Tulipofika barabarani nikamgeukia mume wangu.

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Usinizungushe."

"Mke wangu, nikuambie nini? Kwamba una pua? Kwamba una masikio mawili? Nilidhani unajua. Mtu anaambiwa ana mguu?"

"Miaka yote hii!"

"Kabla sijakuoa nilikuwa nakuona kwenye kioo ukipita nje ya saluni. Wateja wananiuliza mbona umesimamisha mashine, nawaambia subirini, kuna mtu anapita. Nilikutambua kwa mwendo kabla ya sura. Nikasema, huyu kajikwaa mahali, nami nitamshika mkono." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Ukipenda boga, penda na ua lake. Nilinyamaza kwa adabu."

"Na watu wengine? Majirani? Shuleni?"

"Nao labda walinyamaza kwa adabu."

Jambo hilo lilinitesa kuliko mguu wenyewe. Kumbe nimeishi katikati ya watu wenye adabu, kila mmoja ananionea huruma kwa ajali ambayo haikutokea, na mimi napita katikati yao naamini natembea kama kila mtu. Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa uraia alituandikia kwamba mtu hazaliwi na utamaduni, anaukuta. Anafundishwa kusema, kula, kusalimia, hata kuona haya, bila yeye kujua kwamba yuko darasani. Nililikariri, likaja kwenye mtihani, nikalipata. Nilidhani linahusu nyimbo na mavazi. Sikudhani linahusu nyonga.

Sasa niseme kwa nini halikuwa jambo rahisi, maana nikisimulia hivi mtu atasema, si unyooke tu.

Baba alikuwa seremala. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na baba hakuwa na wa kuniachia, kwa hiyo nilikulia karakana, kwenye maranda. Nilijifunza kutembea nikishikilia mguu wa benchi lake. Alipozeeka nikawa nampelekea Chiriku baada ya chekechea, akawa anashinda pale kama nilivyoshinda mimi, anachambua misumari iliyopinda na kumchosha babu yake kwa maswali. Baba alipofariki, nguo zake waligawana ndugu. Vifaa alivichukua binamu yangu ambaye naye ni seremala, na ni haki yake. Sauti yake hatukuwahi kuirekodi, maana alikuwa akiona simu imeinuliwa anafunga mdomo. Picha tuliyonayo ni ile ya kitambulisho, amekodoa macho kama aliyeshtakiwa. Nilikuwa nasema moyoni kwamba baba kaniondokea hivi hivi, hakuacha hata alama.

Kumbe alama ipo. Inatembea. Na nimeambiwa niifute.

Jioni, wateja wakishaisha, mume wangu alikuwa ananifungulia saluni. Ukuta mzima ni kioo. Aliviweka viti kando, akafagia nywele, akakaa kwenye kiti cha mzunguko kama hakimu.

"Haya, kisigino kwanza. Usimwonee huruma huo mguu wa kulia. Ukanyage!"

Niliukanyaga. Kwenye kioo nikaona mwanamke amevaa nguo zangu anakuja upande wangu, mabega yamelingana, hayumbi. Simjui. Nilijaribu kumsalimia kwa macho, akanikazia. Nikageuka, nikarudi, naye akaondoka kwa maringo. Nilipochoka na kuuacha mguu ufanye utakavyo, mara nikamwona baba. Si mfano wa baba. Baba kabisa, bega la kulia linashuka, kichwa kinafuata, kama mtu anayekubaliana na jambo kila hatua. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye nywele za watu, nikalia. Mume wangu hakusema utani wowote. Alizima taa ya kioo, ikabaki ya mlangoni.

"Kwani lazima uchague?" akasema baadaye.

"Wewe ulikuwepo kliniki."

"Nilikuwepo." Akajikuna kidevu. "Ndiyo, lazima uchague."

Siku chache nilinyooka mbele ya mtoto, na nikiwa peke yangu nikarudi kwa baba. Haikusaidia. Chiriku alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyebadilishiwa chai. Asubuhi moja akaniuliza, "Mama, umekasirika?"

"Kwa nini?"

"Unatembea kama umekasirika."

Na yeye akaendelea kuchechemea vilevile, nadhani hata zaidi, tangu babu yake aondoke. Mwalimu akanipigia simu kuniuliza tumefikia wapi.

Nikaenda kwa shangazi, dada yake baba, ndiye mkubwa wao aliyebaki. Nilitaka aniambie habari za ile ngazi. Nilijiambia kwamba nikijua baba aliumiaje, nitajua nifanye nini, ingawa sikuweza kueleza kwa nini iwe hivyo. Nilimkuta sebuleni anachambua maharage kwenye sinia, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa, usisimame kama mwenye kudai. Mbona umekonda? Huyo kinyozi anakunyoa na mwili?"

Nikamweleza yote, kuanzia Pancha hadi kioo. Akasikiliza bila kuacha kuchambua.

"Mguu wa nani?" akauliza nilipomaliza. "Wa kaka yangu? Haukuwa na kitu."

"Si alianguka kwenye ngazi?"

"Ngazi gani?"

"Wakati wa ujana..."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyembeba huyo mgongoni. Hakuanguka popote. Alikuwa anaruka ukuta wa jirani kama paka, tukichapwa sote kwa ajili yake." Akasogeza sinia. "Alipelekwa kwa fundi kujifunza kazi hata ndevu hajaota. Sasa yule fundi ndiye aliyekuwa na mguu mmoja mfupi. Hodari wa mkono, mkali wa mdomo. Na unajua mwenyewe kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa seremala ni ipi."

Nilijua. Ni kubeba. Ubao mrefu haubebwi na mtu mmoja, utagonga kila dirisha la mtaa. Wa mbele anaongoza, wa nyuma anafuata, ubao uko mabegani mwao. Na wa nyuma haoni mbele, anaona mgongo tu. Akitangulia kidogo anamsukuma mwenzake, akichelewa anamvuta, na hatua zikipishana ubao unaruka na kumpiga shingo. Kwa hiyo wanaobeba pamoja lazima wawe na mwendo mmoja, na mwendo ni wa aliye mbele. Nimebeba nyuma ya baba tangu mabega yangu yanafika kiunoni mwake, yeye akishusha ubao hadi mkononi ili tulingane. "Nifuate, usinisukume," ndilo neno lake. Kutwa nzima, nifuate, usinisukume. Chiriku naye alikuwa anabeba naye vipande vidogo kutoka mlangoni hadi kwenye benchi, na neno lilikuwa lile lile.

"Fundi akienda hivi," shangazi akasema, na kwa uzee wake wote akainuka, akanionyesha, bega chini, mguu nyuma, "na mwanafunzi naye hivi. Kaka yangu alirudi mwisho wa mwaka shingo ina makovu na mguu unaburuta. Mama alipomwona anaingia uani alimchapa palepale, hata mzigo hajautua. Alidhani anamkejeli mtu aliyempa kazi. 'Unamwiga mlemavu? Mungu atakupa wa kwako!' Naye analia, 'Nimefanya nini, Mama?' Haki ya Mungu, nilimtazama machoni. Alikuwa hajui."

Yule mtoto anayelia uani hajui kosa lake, nilimwona ana uso wangu wa siku ile kliniki.

"Na huyo fundi aliitwa nani?"

"Tulimwita Fundi. Nani alimuuliza jina?"

"Mguu wake ulipatwa na nini?"

"Unaniuliza mimi? Amekufa wewe hujazaliwa." Akarudi kwenye maharage. "Mnyooshe mtoto. Samaki mkunje angali mbichi."

"Na baba?"

"Baba yako yuko kaburini, hatembei." Alisema hivyo kwa ukali, kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaendelea kuifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Aliponisindikiza mlangoni nilimtazama miguu. Naye aliyumba kidogo upande wa kulia. Uzee, labda. Sikuuliza.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Kama mwendo ule si wa baba, bali wa mtu nisiyemjua hata jina, kwa nini niung'ang'anie? Ilipaswa kuniwia rahisi. Lakini nikageuza upande wa pili nikaona, mguu uliovunjwa na ngazi ni mguu wa ngazi. Huu baba aliutwaa mwenyewe, hatua baada ya hatua, nyuma ya ubao, ili asimpige mwenzake. Basi si ndio wake hasa? Na mimi je, niliutwaa, au nilipewa? Na kwa nini naulizia mguu kana kwamba ni shamba la urithi? Nilitembea nikiwaza hivyo, na katikati ya barabara nikagundua kwamba sijui natembea namna gani. Nilijitazama kwenye kioo cha duka moja. Mwenye duka akadhani natamani bidhaa, akanikaribisha ndani.

Nilinyooka. Sikuamua siku moja, ila nilichoka kuwa na miguu ya aina mbili, ya kuonyesha na ya kuficha, na kila nikisikia Chiriku anaburuta kiatu nilimwona ukubwani, amekaa kwenye kiti anasingizia kiti. Nikanyooka nyumbani, nikanyooka barabarani, nikanyooka hata nikiwa peke yangu jikoni. Hapo ndipo mtoto akaanza kufuata, kidogo kidogo. Mwalimu akanishika mkono getini, "Mama Chiriku, Mungu mkubwa." Pancha limeisha, akaniambia. Sasa wanamwita Redio, na hilo hakuna kliniki inayoweza kulitibu.

Nilipaswa kufurahi na nilifurahi. Jioni hiyo mume wangu alikuwa anakunja taulo za saluni nikapita mbele yake na ndoo ya maji. Akapiga mluzi.

"Nini?"

"Nilikuwa najiuliza nimekuona wapi. Sasa nimejua. Unatembea kama yule mama wa kliniki."

"Acha maneno yako."

"Nakuapia. Hadi shingo! Subiri, rudi tena." Akainuka, akaiga glasi ya maji kichwani, kidevu juu. Chiriku akaangua kicheko, akaungana naye, wakapita chumba kizima wakiwa wawili na glasi zao.

Mimi nilisimama na ndoo. Alikuwa amesema kweli. Nilipoambiwa kunyooka, ni nani mwingine niliyemwona amenyooka? Nilimwacha baba na fundi wake asiye na jina, nikaenda kujipanga nyuma ya mwanamke niliyeonana naye mara moja. Nilijaribu kukumbuka mwendo wangu mwenyewe, ule wa kabla ya baba, nikaona kabla ya baba nilikuwa natambaa.

Siku ya kukabidhi chumba cha karakana tulikwenda mimi na Chiriku tu. Mwenye nyumba alishapata mpangaji, muuza rangi. Binamu alikuwa ameshahamisha benchi, na mahali lilipokuwa sakafu ilikuwa na rangi tofauti, nyepesi, na mashimo mawili ambapo baba alisimama siku zote. Shimo la kushoto lilikuwa refu kuliko la kulia. Nilichomeka kidole. Chiriku naye akachomeka chake.

Kilichobaki kilikuwa kimeegemea pembeni, ubao mwembamba mrefu ambao baba alitumia kupigia mistari. Mwepesi, umelainika kwa mikono. Binamu alisema ana wa chuma, huu nichukue mimi. Ulikuwa mrefu kunizidi, na nyumbani si mbali, lakini kuna kona na watu.

"Tubebe!" Chiriku akasema. Alikwisha shika ncha moja.

Nikashika ncha ya mbele, nikaishusha mkononi hadi usawa wake kama baba alivyokuwa akinifanyia. Nikataka kuanza, mguu ukakataa. Haukuuma. Haukujua tu. Nikianza na bega chini, mtoto yuko nyuma yangu, anatazama mgongo, na kazi yote ya saluni imekwisha. Nikianza na glasi ya maji kichwani, nimebeba ubao wa baba kwa mwendo wa mtu ambaye hakumjua. Nilisimama pale mlangoni, mtu mzima, na mzigo usiozidi uzito wa ufagio. Muuza rangi alikuwa nje na makopo yake. Akakohoa kwa adabu.

"Mama, twende basi."

"Wewe tangulia," nikasema.

"Mimi? Mbele?"

"Ndiyo. Mama atakuwa nyuma."

Hakuamini bahati yake. Alinipita mbio, akashika ncha ya mbele kwa mikono miwili, kisha akasita. Akageuza kichwa.

"Niende upi?"

"Upi nini?"

"Mwendo. Wa Babu wa kubebea, au ule wa shuleni, au wangu?"

Nilitaka kumuuliza tangu lini anayo mitatu, na kama alipokuwa anaitwa Pancha alikuwa anajua, na kama mimi ndiye peke yangu katika ukoo huu ambaye hakujua.

"Wako ukoje?" nikauliza.

Akafikiri. Kisha akaenda. Ulikuwa hatua mbili ndefu, moja fupi, karuka ufa wa saruji, kasimama ghafla kumsalimia muuza rangi, kaenda tena kwa upande kama kaa, anaongea njia nzima. Haukuwa na mpango wowote. Nilijaribu kulinganisha hatua nikashindwa, nilikuwa naona mgongo mdogo tu na begi linarukaruka. Kwenye kona nikamsukuma, akavuta, ubao ukaruka na kunigonga tumbo.

Akasimama. Hakugeuka, maana wa mbele hageuki.

"Nifuate, Mama," akasema, "usinisukume."

Nikajipanga upya nyuma yake, na sikujua mguu gani utangulie.